Lori lilipunguza mzigo, mizani ikasema limezidi

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

ASUBUHI moja nikiwa kwenye maegesho ya malori jirani na mpaka wa La Corniche, mama mmoja anayefanya biashara ya chumvi kati ya Tanzania, hapa Rubavu na Goma aliniita pembeni. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za mizani, zimekunjwakunjwa kama noti ya zamani.

“Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti,” aliniambia. “Nisomee hizi, kisha uniambie kama nimeibiwa ama sikuibiwa.”

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mizani iliyopitwa kabla ya Kahama. Ilionyesha kwamba ekseli ya mbele ya lori ilikuwa na tani 6.5, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 17.5 na ekseli tatu za tela tani 24. Jumla ni tani 48. Lori lilipita bila matatizo.

Kahama mama huyo alimshushia mteja mifuko 140 ya kilo 50, yaani tani 7. Safari ikaendelea. Mizani ya mbele ikatoa karatasi ya pili, ambayo ekseli ya mbele ilikuwa tani 6.6, ekseli za nyuma za kichwa tani 18.5 na ekseli za tela tani 15.9. Jumla ni tani 41. Dereva akaambiwa ekseli za kichwa zimezidi kikomo cha tani 18, hivyo asogeze gari pembeni na apange mzigo upya.

“Tani saba nimeshusha, wananiambia nimezidisha. Chumvi inazaana njiani?” aliuliza mama huyo.

Dereva wake, mmoja wa ndugu zetu waliorudi nyumbani kutoka Tanzania, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori. “Mzee, mimi nilihisi gari limebadilika mlimani,” aliniambia. “Ila kwa nini limebadilika, mama ameniuliza tangu Rusumo na sina jibu.”

Safari ililala njiani usiku mmoja. Wapakiaji wakalipwa kuhamisha mifuko, mteja wa Goma akapiga simu mara sita. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, siku moja ya namna hiyo huweza kumeza faida yote ya safari. Na nilipouliza wengine pale maegeshoni, karibu kila mmoja alikuwa na kisa chake, na karibu wote walikuwa na maelezo ya aina moja kwamba mizani ni mbovu au aliyekaa kwenye mizani ana njaa.

Sikatai kwamba mizani mbovu zipo na watu wenye njaa wapo. Lakini niliondoka na tarakimu za karatasi zile, nikapima tela kwa futi ya fundi, nikapiga hesabu. Jibu nililopata ni kwamba safari ile mizani ilisema kweli. Na ukweli huo una faida kwa kila anayepakia mzigo kuja Rubavu, ndiyo maana nimeona niuandike.

Sahani, pini na gurudumu la tano

Tuanze na lori lenyewe. Semi tunayoiona kila siku ikishuka kuingia mjini ina vipande viwili. Mbele kuna kichwa, chenye injini na dereva. Nyuma kuna tela ambalo halina magurudumu ya mbele. Tela hilo limelaza kifua chake juu ya sahani nene ya chuma iliyofungwa mgongoni mwa kichwa, ile inayopakwa grisi nyingi. Chini ya tela kuna pini inayoingia katikati ya sahani na kushikwa na taya za chuma. Pini hiyo, kwa malori mengi duniani, ina unene wa inchi 2 tu, sawa na milimita 50.8. Ipo pia ya inchi 3.5 kwa mizigo mizito zaidi.

Sahani hiyo Wazungu waliiita gurudumu la tano. Jina limetoka enzi za magari ya farasi, ambapo pete ya chuma iliyolazwa juu ya ekseli ya mbele iliruhusu magurudumu ya mbele kugeuka. Gari lilikuwa na magurudumu manne ardhini, na pete ile ikahesabiwa kuwa la tano. Mwaka 1914 mhunzi wa mjini Detroit, Marekani, August Fruehauf, alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao tela la kubebea boti, likavutwa na gari la Ford. Kutoka hapo biashara ya semi ikasambaa dunia nzima.

Jambo la msingi kwa msomaji ni moja. Sahani haikuwekwa ili kuvuta tu. Inabeba. Tela la kukokotwa nyuma kwa chuma kirefu, lile lenye magurudumu yake mbele na nyuma, karibu uzito wake wote unaishia kwenye magurudumu yake lenyewe. Semi haiko hivyo. Sehemu ya mzigo wake hukaa mgongoni mwa kichwa, na ni mahali mzigo ulipopangwa ndipo panapoamua sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani.

Pia sahani haifungwi popote. Hufungwa mbele kidogo ya katikati ya ekseli za nyuma za kichwa. Ikifungwa nyuma yake, mzigo utabonyeza nyuma na kunyanyua mbele, na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi. Aliyewahi kupanda pikipiki iliyofungiwa gunia la viazi mkiani kabisa anajua ninachosema, kwani tairi la mbele hutaka kuruka. Wamarekani wanaovuta matela ya kulala kwa pikapu nao hufunga sahani kama hiyo ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, badala ya kufunga kwenye bampa, kwa sababu hiyo hiyo.

Hesabu ya machela

Hesabu yake si ngeni kwetu. Wazee wetu walibeba wagonjwa kwenye ingobyi, machela ya kusuka. Kila aliyewahi kushika mti wa ingobyi anajua kwamba wa upande wa kichwa na kifua huchoka mapema kuliko wa upande wa miguu. Mgonjwa ni yule yule, lakini uzito wake umekaa karibu zaidi na mbebaji mmoja. Akisogezwa kidogo kuelekea upande wa pili, aliyechoka anapumua na mwenzake anaanza kulalamika.

Tela la semi ni ingobyi. Mbebaji wa mbele ni pini. Mbebaji wa nyuma ni ekseli tatu za tela. Kwenye lori la mama yule, kutoka kwenye pini hadi katikati ya ekseli za tela nilipata mita 8.

Mifuko 640, yaani tani 32, ilikuwa imepangwa kwa usawa kuanzia ukuta wa mbele, ambao uko mita 1 mbele ya pini, hadi mita 10.5 nyuma ya pini. Katikati ya mzigo huo ni mita 4.75 nyuma ya pini. Kwa kuwa umbali wote ni mita 8, ekseli za tela zilibeba sehemu ya 4.75 kwa 8 ya mzigo, ambayo ni tani 19. Pini ilibeba zilizobaki, tani 13.

Tela tupu nalo lina uzito wake, kama tani 7. Tani 5 zinakaa kwenye ekseli zake na tani 2 kwenye pini. Kwa hiyo ekseli za tela zikawa na tani 24, na pini ikabonyeza sahani kwa tani 15.

Sasa njoo kwenye kichwa. Kikiwa hakina tela kilikuwa na kama tani 5 mbele na tani 4 nyuma. Kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile za nyuma ni mita 4, na sahani imefungwa sentimita 40 mbele ya katikati hiyo. Hiyo ni sehemu ya kumi. Kwa hiyo sehemu ya kumi ya tani 15, yaani tani 1.5, ilikwenda kwenye ekseli ya usukani, na tani 13.5 zikakaa nyuma. Jumlisha na upate tani 6.5 mbele na tani 17.5 nyuma. Ndizo tarakimu za karatasi ya kwanza.

Chumvi ilivyozaana

Tatizo lilianzia Kahama, na lilianzia mlangoni. Wapakuaji walifungua milango ya nyuma, wakashusha mifuko 140 iliyokuwa karibu nao. Nani angefanya vingine? Hakuna anayepitia ukuta wa mbele kutafuta mifuko wakati iliyo mlangoni inamtazama.

Lakini mifuko ile ilikuwa wapi? Ilikuwa kati ya mita 8 na mita 10.5 nyuma ya pini. Maana yake ilikuwa nyuma ya katikati ya ekseli za tela. Mzigo uliokaa hapo haubonyezi pini. Unainyanyua. Ni kama mtoto aliyekaa ncha ya pili ya ubao wa kubembea. Mifuko ile ya mwisho, tani 7, ilikuwa inainyanyua pini kwa zaidi kidogo ya tani 1.

Mtoto aliposhuka, upande wa pili ukaanguka. Pini ikatoka tani 15 hadi tani 16 na ushei, na ekseli za nyuma za kichwa zikatoka tani 17.5 hadi 18.5. Lori likawa jepesi kwa tani 7 na wakati huo huo ekseli zake za kichwa zikawa nzito kwa tani 1. Hakuna mwizi na hakuna chumvi iliyozaana.

Nilimrudia mama na kalamu na karatasi. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia dereva. “Kwa hiyo tungeshusha ya mbele?” Hapana mama, nikamwambia, hiyo nayo ina hatari yake. Wangeshusha mifuko 140 kutoka ukuta wa mbele, ekseli za nyuma za kichwa zingeshuka hadi kama tani 11.4, na ekseli za tela zingebaki na tani 23.8, karibu vile vile kama hakuna kilichoshushwa. Mizani ingelipitisha, lakini mlimani kwenye mvua magurudumu yanayosukuma yangekosa uzito wa kuyashika ardhini.

Njia salama ilikuwa kupunguza tabaka la juu kwa urefu wote wa tela. Hapo ekseli za kichwa zingekuwa na tani 14.9 na za tela tani 19.8. Na kama tayari wameshusha mlangoni, kusogeza mifuko 20 tu kwa mita 5 kuelekea nyuma kungerudisha ekseli za kichwa chini ya tani 18. Mifuko 20 ni kazi ya vijana wanne kwa muda wa chai. Waliohamisha mzigo usiku ule, kwa kutojua, walihamisha mingi zaidi ya hapo.

Nusu mita tu

Wengine hawashushi kitu njiani, na bado hukamatwa. Hao kosa lao hutokea ghalani siku ya kwanza.

Chukua lori lile lile na tani 32 zile zile. Tuseme wapakiaji wamesukuma mzigo mbele zaidi, kiasi kwamba katikati yake imesogea nusu mita kuelekea kwenye kichwa. Ekseli za kichwa zinapanda hadi tani 19.3. Zimezidi kwa tani 1.3, na jumla ni ile ile tani 48. Sasa sukuma nusu mita kuelekea nyuma kutoka mahali pa mwanzo. Ekseli za kichwa zinakuwa na tani 15.7, lakini za tela zinafika 26 wakati kikomo chake ni 24. Nusu mita mbele, kosa. Nusu mita nyuma, kosa. Mwenye mzigo ameshika karatasi ya ghala inayosema tani 32, anaapa kwamba hajazidisha hata kilo moja, na anasema kweli.

Baadhi ya vichwa vina sahani inayoteleza kwenye reli na kufungwa mahali tofauti. Ikisogezwa mbele, sehemu kubwa zaidi ya uzito wa pini huenda kwenye ekseli ya usukani. Kwenye mfano wetu wa tani 19.3, kusogeza sahani sentimita 20 mbele kungepunguza karibu tani 0.85. Ni msaada, ila si dawa ya kila kitu. Sahani ikisogea sana, kona za tela hugonga nyuma ya kebini kwenye kona kali, na barabara zetu zina kona kali. Tena sahani haibadilishi chochote kwenye ekseli za tela. Hizo zinasikiliza mpangilio wa mzigo peke yake.

Sheria inasemaje

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki sheria ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Lakini ndani ya kikomo hicho kuna vikomo vingine. Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli moja yenye matairi pacha ni tani 10. Ekseli mbili za pamoja zenye matairi pacha ni tani 18, na tatu ni tani 24. Tela lenye tairi moja pana kila upande badala ya pacha, kikomo chake ni kidogo zaidi, na hapo wengi waliorudi na magari yaliyonunuliwa Ulaya hupata mshangao.

Kwa semi ya ekseli sita, 8 na 18 na 24 ni tani 50. Kwa hiyo anayesikia redioni kwamba kikomo ni tani 56 na kudhani ni chake, amejidanganya kabla hajatoka ghalani.

Kuna pia nafuu ya asilimia 5 upande wa ekseli, kwa kuwa mizani hutofautiana na mzigo husogea njiani. Ndiyo iliyomwokoa mama yule na tozo, maana asilimia 5 ya tani 18 inafikisha 18.9, naye alikuwa na 18.5. Alipoteza usiku na fedha za wapakiaji, lakini hakutozwa.

Nafuu hiyo ina historia. Oktoba 2013 aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wa Tanzania, John Magufuli, aliiondoa, akisema wasafirishaji wameigeuza kuwa haki ya kuzidisha. Wenye malori waligoma, misururu ikajaa kwenye mizani, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alipoingilia kati na kuirudisha. Wafanyabiashara wa Rwanda na Kongo ambao mizigo yao ilikuwa njiani wakati ule hawakuwa na sauti kwenye mvutano huo, lakini walilipia gharama yake.

Nadhani pande zote mbili zilikuwa na hoja. Nafuu ikitumiwa kama posho, barabara inakufa. Ikiondolewa kabisa, aliyepakia kwa haki anaadhibiwa kwa mifuko michache iliyosogea. Nafuu ina maana pale tu mwenye mzigo anapojua kupanga mzigo.

Kwa nini barabara inajali ekseli

Wengi huuliza kwa nini serikali zinahangaika na ekseli badala ya jumla. Jibu ni kwamba lami haioni lori zima. Lami inaona tairi lililopo juu yake kwa wakati ule.

Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio huko Ottawa, Illinois, wakapitisha malori juu yake usiku na mchana. Waligundua kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli. Unaongezeka takriban kwa uzito huo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 11 badala ya 10 huharibu karibu mara moja na nusu. Ekseli ya tani 12 huharibu mara mbili. Kwa hiyo lori la tani 48 lililopangwa vibaya laweza kuidhuru barabara kuliko la tani 50 lililopangwa vizuri.

Sisi wa Rubavu tuna sababu ya kulitazama hilo kwa makini. Kutoka Kigali hadi hapa ni kama kilomita 155, na barabara hiyo kupitia Musanze ndiyo mshipa wetu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, mto Sebeya ukaingia majumbani mwa watu, na barabara kadhaa zikakatika. Tuliona jinsi sokoni panavyokuwa njia ikifungwa. Mvua hatuwezi kuizuia, lakini uzito wa ekseli tunaweza.

Kisha kuna mteremko. Pale Mukamira barabara iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460. Tofauti hiyo lori lazima liishushe kwa breki, na wakazi wa mji huu wanajua maana ya lori lililokosa breki mteremkoni. Breki za upepo za kila ekseli zimepimwa kwa mzigo fulani. Ekseli iliyozidishiwa hupasha breki zake moto hadi zinaacha kushika. Ekseli iliyopunjwa nayo ni hatari, kwa sababu magurudumu yake hukwama upesi kwenye lami yenye maji na kuanza kuteleza. Yakiteleza ya tela, mkia unapita pembeni. Yakiteleza ya kichwa, tela linakisukuma na gari linajikunja kama kisu. Tena breki ya injini, ambayo dereva mzoefu huitegemea kuliko zote mteremkoni, hufanya kazi kupitia magurudumu yale ya kichwa tu. Yasipokuwa na uzito wa kutosha, breki hiyo haina pa kushika.

Dereva yule alipohisi “gari limebadilika” alikuwa anasoma mizani kwa makalio yake. Tungekuwa na utamaduni wa kuwasikiliza madereva, angesimama akauliza kabla ya kuulizwa.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye ugomvi wa kweli. Lori likikamatwa, mwenye lori humwambia mwenye mzigo kwamba mzigo ni wake. Mwenye mzigo humwambia dereva kwamba yeye ndiye aliyesimamia upakiaji. Dereva husema alikuwa amelala baada ya safari ya siku tatu, na wapakiaji ndio waliopanga. Wapakiaji hawapo. Mwishoni hulipa aliye dhaifu zaidi, ambaye mara nyingi ni dereva kukatwa mshahara, au mfanyabiashara mdogo aliyekodi nafasi kwenye lori la watu watano.

Kwa maoni yangu hesabu tuliyoifanya inatoa mwongozo wa haki. Jumla ikizidi, kosa ni la aliyetangaza uzito wa mzigo, yaani mwenye mali. Jumla ikiwa sawa na ekseli ikazidi, kosa ni la aliyepanga au aliyesimamia kupanga. Na ikizidi baada ya kushusha njiani, kosa ni la aliyeamua kishushwe nini na kutoka wapi. Hayo matatu yaandikwe kwenye makubaliano kabla injini haijawashwa. Yataandikwa kwa mistari mitatu, na yatazuia ugomvi mwingi.

Kuna mengine ambayo vyama vya wafanyabiashara na wasafirishaji wa hapa vinaweza kufanya bila kusubiri mkutano wa mawaziri. Kila lori linalokodiwa mara kwa mara liandikiwe vipimo vyake kwenye karatasi moja, yaani uzito wa kila ekseli likiwa tupu, umbali wa pini hadi ekseli za tela, na mahali katikati ya mzigo panapotakiwa kuwa. Mahali hapo papigwe mstari wa rangi ubavuni mwa tela. Mpakiaji asiyejua kusoma ataelewa mstari.

Pili, mzigo wa kushushwa njiani upangwe kwa kufikiria kushuka kwake. Wa Kahama, wa Kigali na wa Goma wasipangwe kwa foleni kama abiria wa basi. Kila mmoja agawiwe mbele na nyuma, ili akishuka gari libaki na usawa. Ni usumbufu wakati wa kupakia, nakubali. Ni usumbufu wa saa moja badala ya usiku mzima.

Tatu, kila aliyepewa karatasi ya mizani aisome yote. Wengi wetu tunaangalia mstari wa mwisho, ule wa jumla, tunakunja. Mistari ya juu ndiyo inayosema mzigo umekaa wapi. Karatasi ya kwanza ya mama yule ilionyesha ekseli za tela ziko tani 24 kamili, kikomoni, na za kichwa 17.5, zimebakiza nusu tani. Lori lile halikuwa na nafasi ya kosa lolote tangu mwanzo, na karatasi ilikuwa imesema hivyo.

Mambo haya yana uzito zaidi sasa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi tukatarajia lori litoke bandarini hadi Goma kwa sheria moja na bila bughudha. Kisha Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, na biashara ya ng’ambo ya mpaka ikawa na hesabu mpya za hatari, za fedha na za wateja. Katika hali kama hiyo mfanyabiashara hana ziada ya kufidia makosa yanayozuilika. Ya vita hana uwezo nayo. Ya mifuko 20 anao.

Na ujuzi huu si wa wahandisi peke yao. Tazameni ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu pale Petite Barrière. Hakuna aliyewafundisha darasani, lakini hawaweki gunia zito nyuma kabisa, kwa sababu baiskeli itanyanyua pua mlimani. Tazameni kijana wa chukudu kule Goma anavyorudisha gunia hatua moja kabla hajashuka. Wanajua kwa sababu kosa linaangukia miili yao. Mwenye semi amekaa mbali na kosa lake, ndiyo maana anahitaji karatasi.

Nilipoagana na mama wa chumvi alikuwa anamwelekeza dereva jinsi ya kugawa mzigo wa safari ijayo, wa wateja watatu. Aliniuliza swali moja la mwisho kwamba kama wapakiaji wa ghalani watakataa kupanga hivyo, afanye nini. Nilimwambia asitoe hela ya kupakia mpaka katikati ya mzigo ifike kwenye mstari.

“Basi hiyo rangi nanunua leo,” alisema, akazikunja karatasi zake mbili na kuzirudisha kwenye pindo la kitenge.